Punje ya Musembi

Sheria ya Mwili ilikuwa fupi kuliko sheria zote ambazo Jaji Mwambingu aliwahi kuzitumia mahakamani: mtu asiingie katika mwili wa mwenziwe ila kwa ruhusa ya mwenye mwili, na mwenye mwili akiwa amekufa, kwa ruhusa ya mrithi wake. Kwa hiyo asubuhi ile, alipovuka kizingiti cha Ukumbi wa Marejeo wa Shule ya Mwarungu, huku ukungu wa milima ya Taita ukiwa bado umelala madirishani, hakuwa na shaka yoyote upande wa sheria. Ruhusa alikuwa nayo. Mrithi mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkoba juu ya magoti, akimpima kwa macho kama mtu aliyepelekwa mnadani kuchagua fahali.

"Wewe ndiwe Kapteni," akasema yule mwanamke.

"Nilikuwa kapteni, Bi. Mumbua. Karibu Mwarungu, na pole kwa safari ya kutoka Kitui."

"Nimeshapoa. Marehemu Musembi aliniambia una urefu wa mlingoti. Naona miaka imekukunja."

Mghoi, binti aliyekuwa fundi wa mitambo ya marejeo, aliinamia nyaya zake kwa bidii ya ghafla. Jaji aliuona mgongo wake ukitikisika kwa kicheko, akaamua kutouona. Katika shule ile alifundishwa kwamba heshima haidaiwi. Hungojewa, ije yenyewe.

Mumbua alifungua mkoba, akatoa kijaluba cha bati, akakiweka mezani. Ndani yake, juu ya pamba, ilikuwa punje ya mumewe.

Enzi za ujana wao kila mvulana aliyecheza raga alipandikizwa punje chini ya mfupa wa mtulinga, kitu kisichozidi ukubwa wa mbegu ya mtama. Madaktari waliiweka ili ipige kengele ubongo unapotikiswa kupita kiasi. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba punje ilikuwa ikihifadhi kila kilichopita katika neva: uzito wa mpira, baridi ya tope, maumivu ya goti, pigo la moyo. Miaka mingi baadaye ndipo wataalamu walipogundua njia ya kumrudishia mtu mwingine yote hayo. Mtu huketi, hubandikwa vigusishi shingoni, akaicheza tena mechi ya zamani kwa misuli isiyo yake. Mawazo hayamo ndani ya punje. Umo mwili tu. Lakini mwili hauna adabu ya kunyamaza, na ndiyo sababu sheria ikatungwa.

Mlango ukafunguka. Aliyeingia alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye buti zenye matope ya zizi. Huyo alikuwa Righa, daktari wa mifugo wa Voi, mdogo wake Jaji, tumbo moja na ziwa moja.

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa," akasema Righa, kwa sauti ambayo mtu humtolea karani wa mahakama. Kisha uso ukamchanua. "Shemeji Mumbua! Kumbe umekuja mwenyewe! Wale mbuzi wanaendeleaje?"

"Wananona, shemeji. Yule uliyemtibu amekuwa jeuri kuliko mimi."

Jaji akabaki na mkono wake hewani. Hakujua kwamba watu hawa wawili walijuana, seuze kwamba waliitana shemeji. Yeye, ndugu wa damu, alikuwa Mheshimiwa. Hakuwa ameitwa kaka tangu siku ya ile fainali ya raga ya shule, na hiyo ilikuwa karibu miaka thelathini iliyopita. Mwaka uliotangulia walipomzika mama yao, kila mmoja alishika sepetu lake, akasimama upande wake wa kaburi, wakamfukia bila ya kutazamana. Jambo hilo ndilo lililomkosesha Jaji usingizi, wala si kombe lililopotea siku ile.

Aliamini kwamba dawa ilikuwa moja tu. Nduguye alidhani alidhulumiwa. Akionyeshwa kwa ushahidi usiopingika kwamba hakudhulumiwa, atarudi.

*

Mghoi alizima taa, na ile filamu ya zamani ikajaa ukutani.

Kila mvulana wa Mwarungu aliifahamu, kwa kuwa ilionyeshwa kila mwanzo wa mwaka kwa wanafunzi wapya. Vizazi na vizazi shule ilicheza raga ya watu kumi na watano, hadi shule zote zilipohamia raga ya ligi, ya kumi na watatu. Uwanja ule ule, mpira ule ule, dini nyingine. Katika ile ya zamani mchezaji aliyeangushwa karibu na mstari aliweza kunyoosha mkono akauweka mpira ng'ambo, ikawa trai, yaani bao halali. Katika hii mpya, akishashikwa na mkono wenye mpira ukagusa ardhi, safari yake imekwisha. Akiunyoosha tena amevunja sheria. Kichwani wavulana waliielewa tofauti hiyo. Mikono yao ilichelewa kuielewa.

Tena mashindano yale hayakuruhusu kamera ya kumsaidia refa. Walimu wa zamani walishikilia kwamba mtoto anayetazamwa daima hajifunzi kujitazama. Badala ya kamera palikuwa na neno la kapteni. Refa asipoona, alimgeukia kapteni wa timu inayodai, akamwuliza. Na alilolisema kapteni ndilo lililokuwa. Kapteni naye aliruhusiwa, kabla ya kujibu, kumwuliza mchezaji wake.

Ukutani, Righa kijana alichomoka kando ya uwanja, mpira kwapani. Musembi wa Shule ya Kavumbu akamrukia kiunoni. Wakaanguka pamoja, mwingine akawaangukia juu, na katika lundo hilo ukaonekana mkono ukiuweka mpira ng'ambo ya mstari, kisha mkono mwingine ukiinuka hewani. Uwanja mzima ukalipuka. Refa, ambaye migongo ilimziba, akamgeukia kapteni. Mwambingu, kijana mwembamba aliyenyooka kama rula, akatikisa kichwa, akasema neno lake. Mwarungu ikapoteza kombe.

Ikapata ngano badala yake. *Kapteni aliyelikataa bao la ndugu yake.* Kwa jina hilo Mwambingu aliingia chuo cha sheria, na kwa jina hilo watu walisimama alipoingia mahakamani. Righa yeye aliondoka Mwarungu mwisho wa muhula, akamalizia masomo kwingine.

"Nilikuwa mzuri," akasema Righa gizani. "Tazama mapaja hayo. Sasa yamehamia tumboni."

"Hukukimbia," akasema Mumbua. "Ulitoroka. Mume wangu alisema alimshika mtu anayemkimbia mamba."

Wakacheka wote wawili. Jaji hakucheka. Taa zilipowaka alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Righa, nimekuita hapa ili lile jambo limalizike kwa haki. Filamu haionyeshi kama Musembi alikuwa bado amekushika wakati mkono wako ulipogusa chini, ama alikuwa amekuachia. Kama alikuachia, ulikuwa huru, trai ilikuwa yako, nami nilikudhulumu. Nitalitangaza mbele ya shule nzima. Kama alikuwa amekushika, basi utanitendea haki na wewe. Mikono ya Musembi yenyewe itatuambia. Bi. Mumbua ameridhia."

Righa akaketi, akakunja mikono. "Endelea, Mheshimiwa. Mahakama ni yako."

Mghoi alimketisha Jaji katika kile kiti kirefu, akambandika vigusishi. Vilikuwa baridi kama konokono. Akaitia punje ya Musembi mahali pake, na taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Nikibonyeza, mzee, utaanzia dakika chache kabla ya lile pigo," akasema. "Siwezi kuanzia pale pale. Mwili unahitaji kuuzoea mwili."

"Ngoja kwanza, binti," akasema Mumbua. Hakuinua sauti. "Kuna jambo ambalo Jaji hajaniuliza, nami sikupenda kumwambia kwa simu. Mechi ile ilichezwa siku ya Jumamosi. Alhamisi Musembi alikuwa amemzika baba yake. Alicheza kwa kuwa mzee alimwachia wasia acheze. Hakuna aliyejua pale uwanjani. Aliniambia kwamba alilia mechi nzima, na mvua ikamsitiri. Ukiingia utayakuta hayo. Utayabeba kifuani kama yako."

Jaji akamgeukia. "Lakini umeniruhusu."

"Sheria inaniruhusu mimi nikuruhusu. Sikusema yeye angekuruhusu."

Nje, kwenye uwanja, wavulana walikuwa wakifanya mazoezi, na sauti ya mwalimu wao ilipenya ukungu ikiwakemea washuke chini zaidi wanapokaba.

Mwambingu alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa upande wake. Alikuwa amewahi kuwaambia mawakili wengi kwamba palipo na kifungu hapana haja ya machozi. Alichohitaji ni kuitikia kwa kichwa tu. Upande mmoja, ndugu yake wa pekee, ameketi hatua chache kutoka hapo na bado yuko mbali kama mwezi. Upande wa pili, kijana aliyeuficha ulimwengu mzima machozi yake, akayakabidhi kwa mvua. Naye sasa, mzee mwenye koti zuri, alitaka kuyapekua ili ashinde hoja.

Kidole cha Mghoi kilingoja juu ya kitufe.

"Acha," akasema Jaji.

"Mzee?"

"Zima, binti yangu. Mrudishie Bi. Mumbua amana yake." Alivibandua vigusishi mwenyewe, kimoja kimoja, akasimama. "Siwezi kuingia kwa mtu ambaye siwezi kumwuliza."

Mumbua alikipokea kijaluba, akakifunika kwa viganja vyote viwili. Pumzi aliyoishusha ilisikika ukumbi mzima.

"Afadhali," akasema. "Nilikuja nimejiandaa kukuruhusu na kukuchukia."

Lakini Jaji hakuwa akimtazama. Righa alikuwa amesimama, uso umembadilika, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa katika nchi ya kigeni.

"Rudia ulivyosema," akasema Righa.

"Nimesema siwezi kuingia kwa mtu ambaye siwezi kumwuliza."

"Basi na mimi je? Mimi ulishindwa nini kuniuliza?" Sauti yake ilianza chini, ikapanda. "Ruhusa ulikuwa nayo. Refa alisimama akangoja! Hatua moja, unainama, unasema, 'Righa, ilikuwaje?' Hukuinama. Ulitazama mbele kama sanamu, ukasema neno lako. Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeona kwa macho yangu."

"Sikukuuliza uliona nini. Nimekuuliza kwa nini hukuniuliza."

Maishani mwake Jaji hakuwahi kukosa jibu mbele ya watu. Sasa alilitafuta, na alilolipata halikumpendeza, lakini alikuwa mtu wa kusema kweli hata inapomgeukia.

"Nilidhani utadanganya," akasema.

Righa aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. "Ndiyo. Asante. Hilo ndilo nililoondoka nalo hapa shuleni. Wala si hilo kombe, ambalo ni bati lililopakwa rangi." Akaketi kwenye kiti kile kirefu alichokuwa amekikalia Jaji, akafungua kifungo cha juu cha shati, akatia kidole chini ya mtulinga. "Punje yangu haijatolewa. Madaktari wamenisihi, nimekataa. Mimi si marehemu, Mwambingu. Niko hapa. Niulize."

Mbele ya mjane na fundi, Jaji alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alipiga goti moja sakafuni, ili uso wake ulingane na wa nduguye.

"Mdogo wangu," akasema, "naomba ruhusa niingie."

"Ingia. Lakini ukiona njaa humo usishangae. Chakula cha bweni unakikumbuka."

*

Mghoi alipowabandika vigusishi wote wawili na kubonyeza, kwanza Jaji alishangazwa na wepesi. Miaka ilimdondoka kama mzigo uliokatwa kamba. Kisha mvua, ikimchapa kope. Tope hadi kwenye meno. Mpira chini ya mkono wa kulia, unateleza, umekumbatiwa. Miguu iliyo mifupi kuliko yake ilikuwa ikikimbia kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua, yeye aliyecheza mechi zake zote kama anayefanya mtihani.

Mstari. Hatua chache. Pigo!

Kitu kizito kilimzunguka kiunoni, magoti yakakunjika, na kiwiko cha kulia kikagonga ardhi kwa maumivu yaliyopanda hadi taya. Mikono ya Musembi ilikuwa pale. Haikulegea hata chembe. Vidole kumi vilishikilia kiuno kama pingu, na kila kimoja kilihesabika. Jibu lote alilotaka kulipata kwa wafu lilikuwa hapa, kwa aliye hai, miaka yote hii, likingoja swali.

Kisha mkono ukajinyoosha. Hakuna aliyeuamuru. Ulijinyoosha kama ulivyofundishwa na kocha wa raga ya zamani tangu utotoni, ukauweka mpira ng'ambo. Na papo hapo mwili wote ulishtuka, kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hapakuwa na shangwe humo ndani. Mwili ulijua umekosea.

Mkono mwingine ulianza kuinuka.

Mwambingu, ndani ya mwili ule, aliufuata mkono huo kwa mshangao uliokaribia hofu. Ulikuwa wa kushoto. Kiganja kilikuwa wazi, kimeelekezwa mbele. Mwarungu palikuwa na desturi, kongwe kuliko majengo: mvulana aliyekosea aliinua mkono wa kushoto, kiganja wazi, kabla hajatajwa, na aliyeuinua kwa hiari hakuadhibiwa. Viranja waliwafundisha wageni siku ya kwanza. Yeye mwenyewe, kiranja wa bweni, ndiye aliyemfundisha Righa. Uwanja mzima uliona mkono ule ukadhani unashangilia, na filamu ikausadiki uwanja.

Koo lilikuwa likitengeneza maneno. *Nilishikwa, refa. Nili…* Lakini watu wawili walikuwa wamelala juu ya kifua, na pumzi haikuwepo ya kuyasukuma.

Na hapo, kutoka juu, kutoka mbali, ikaja sauti iliyonyooka, changa, yenye uhakika wa kuchukiza.

"Si trai, refa. Alikuwa ameshashikwa."

Mkono wa kushoto ulibaki hewani kitambo kidogo, ukiwa hauna kazi tena. Kisha ukashuka. Joto likapanda kutoka kifuani hadi masikioni. Ilikuwa aibu ya mtu aliyekuwa njiani kusema kweli, akanyang'anywa kinywani, halafu akahesabiwa mwizi.

*

Mghoi alivibandua vigusishi. Jaji alikaa akitazama mikono yake mwenyewe, mirefu, yenye mishipa.

"Wa kushoto," akasema hatimaye.

"Wa kushoto," akajibu Righa.

"Na ulikuwa ukisema."

"Nilikuwa nikisema. Huyu shemeji ni shahidi. Musembi alikuwa juu yangu, alinisikia nikihangaika. Alinitafuta miaka kadhaa baadaye kuniambia hivyo tu. Ndiyo asili ya urafiki wetu."

Mumbua aliitikia kwa kichwa. "Alisema hajawahi kuona watu wakweli waliokosana kama nyinyi. Akasema laiti mngekuwa waongo kidogo, mngepatana mapema."

Mwambingu alikuwa amejitayarisha kwa aibu, maana alijua kwamba anaistahili. Aibu ilikuja kweli, lakini haikuja peke yake. Nyuma yake kulikuja kitu kingine, kikaisukuma kando, kikapanuka kifuani mpaka akashindwa kukaa wima. Mdogo wake hakuwa mwizi. Hakuwahi kuwa. Miaka yote alimpenda kama mtu anavyompenda ndugu aliyepotoka, kwa huruma na kwa mbali. Kumbe hapakuwa na upotofu wa kuhurumia. Alicheka, akajishangaa anacheka, akajifuta macho.

"Nilikukosea, Righa. Neno langu lilikuwa sahihi, nami nilikosea."

"Tia hiyo kwenye hukumu zako."

"Na wale wavulana? Sherehe ya shule ni wiki ijayo," akauliza Mghoi. "Wataambiwa nini, mzee? Wamekariri ile hadithi yako kama sala."

"Wataambiwa kwamba siku ile wasema kweli walikuwa wawili," akasema Jaji, "na mmoja wao alikuwa na haraka."

"Mwenye haraka alikuwa mrefu," akaongeza Righa. "Wasije wakanisingizia mimi." Aliichukua chupa ya maji mezani kwa Mghoi, akaelekea kwenye mlango wa uwanjani. "Njoo huku, kaka. Hotuba umezitoa za kutosha. Wazee wetu hasira waliitema."

Jaji alisikia neno lile, *kaka*, lakini hakuthubutu kuonyesha kwamba amelisikia, asije akalitisha. Alimfuata. Ukungu ulikuwa umepanda, na nyasi za uwanja zilimeta. Alikuwa hajafanya kutasa, ile desturi ya Kitaita ya kutema hasira, tangu walipokuwa wadogo, wakati babu yao alipowasimamisha baada ya ugomvi, akawapa kibuyu kila mmoja: unapiga funda, unayapuliza maji nje, unaitaja hasira yako iende nayo, nawe hutaipokea tena. Shuleni hapa aliambiwa kwamba mtu mstaarabu hatemi.

Righa alipiga funda, akapuliza, matone yakatawanyika juani. "Hasira yangu kwa kaka yangu itoke na maji haya, ipotelee majanini, isiijue tena njia ya moyoni." Akampa chupa.

Jaji alinyoosha koti, akasimama wima, akajaza kinywa. Wavulana waliokuwa wakifanya mazoezi walikuwa wameacha mpira wakitazama. Kwa mazoea ya miaka mingi ya meza za heshima, koo likafanya lililozoea.

"Umemeza!" Righa alipiga ukelele. "Shemeji, njoo umwone! Mtu mzima amemeza hasira!"

Mumbua alikuwa ameegemea mlango, mkono kwenye mbavu, hawezi kusema kwa kicheko.

"Rudia," akasema Righa, akimsukumia chupa. "Rudia, kaka. Hatuondoki hapa."

Mara ya pili hakumeza.